Shughuli ya Siku Tano: Jinsi ya Kuimaliza na Masikio Yako

Kijana mpya wa saundi utamjua asubuhi ya siku ya kwanza. Ndiye anayebeba spika mbili kwa mpigo, anayepanda mnara wa taa bila ngazi, na ukimpa maji anasema hana kiu. Alasiri ya siku ya tatu humwoni. Ukizunguka nyuma ya lori utamkuta kalala juu ya magunia, mdomo wazi, redio ya mkononi inamwita kifuani na yeye hana habari.

Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya msichana anayetaka kuingia kazi hii na hana wa kumuuliza. Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na kazi yangu ni saundi: maonyesho ya kilimo ya Mkomani, matamasha ya bustani ya Mama Ngina pale baharini, mashindano ya kusoma Qur'ani mwezi wa Ramadhani, na kuliko yote, harusi. Vijana huniita Anti. Kazi ya siku moja waweza kuimaliza kwa nguvu na ujana. Ya siku nne tano haiendi kwa nguvu, yaenda kwa mazoea: kula saa ile ile, kunywa saa ile ile, kubadilisha betri saa ile ile, mpaka akili ibakiwe na jambo moja tu la kushughulikia, nalo ni kusikiliza. Kwa hiyo siku ya kwanza si ya kujionyesha. Ni ya kuyaanzisha hayo mazoea, na mwenye kuyaanzisha siku ya pili kashachelewa.

Nenda uwanjani kabla ya vyombo

Nenda siku moja kabla, na uende saa ile ambayo shughuli itakuwa imepamba moto. Ukienda asubuhi utadanganywa na kivuli. Mwembe uliokufunika vizuri saa tatu, ikifika saa tisa kivuli chake kimeshahamia kwa jirani na jua la magharibi linakupiga usoni. Hapo kioo cha miksa, ile meza ya vitufe ya kuchanganyia sauti, hakisomeki na vitufe vinachoma vidole. Hema langu la miksa hulipa jua mgongo, hata kama mama wa mapambo atanuna kwa sababu nimemharibia picha.

Kisha uulizie upepo. Kuanzia Aprili mpaka Septemba ni kusi, na ukiwa Mama Ngina hakuna chochote kati yako na bahari cha kuupunguza. Maiki isiyo na sponji hunguruma mpaka wazee washike masikio. Hema lisilofungiwa mifuko ya mchanga huanza kutembea lenyewe. Ukiweza kuchagua, weka jukwaa upepo ukitokea nyuma yake kwenda kwa watu, maana sauti husafiri vizuri na upepo na hupotea ikipingana nao. Maonyesho ya Mkomani kwa kawaida huangukia mwisho mwisho wa kusi, kwa hivyo huko mifuko ya mchanga ni lazima kama waya. Kaskazi, kati ya Novemba na Machi, adui ni joto, nalo lina sehemu yake huko mbele.

Chumvi ya bahari huila plagi polepole na huioni. Kila usiku pangusa ncha za waya na za maiki kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga sanduku, na ndani ya sanduku weka vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Na kama vyombo vililala kwenye chumba cha eyasi, yaani chenye mashine ya kupoza hewa, usiviwashe pindi tu unapovitoa nje. Hewa yetu nzito ikigusa chuma baridi hutoa jasho, na jasho hilo linaingia mpaka kwenye saketi. Acha sanduku likiwa limefungwa hivyo hivyo kivulini kwa muda wa nusu saa au zaidi, vipate joto la nje, ndipo ufungue.

Mengine yatazame haraka tu: choo, bomba la maji, msikiti wa karibu, na lori litatokea wapi usiku magari ya wageni yakishajaa. Kibali cha kelele ni jukumu la mwenye shughuli. Kanuni za serikali za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinakitaka. Lakini wewe kione kwa macho yako, kwa sababu wakija watu wa serikali saa sita usiku hawatambeba bi harusi. Watabeba miksa.

Saa yako ni adhana

Watu wa bara huja na ratiba iliyochapwa, dakika kwa dakika, na kufikia saa sita mchana imeshakuwa karatasi ya kujipepea. Sisi Mombasa tuna ratiba isiyochelewa. Adhana ikianza sauti inazimwa, awe anaimba nani, awe anahutubia nani. Hakuna emsii atakayekubishia. Basi mimi hutumia mapumziko hayo kuendesha timu nzima, na vijana wangu wa Changamwe na Mariakani wanaosali Jumapili wanaufuata mpango huo huo bila taabu, kwa sababu tumbo na betri hazina dini.

Tupo nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo maghribi haihami sana: mwaka mzima jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa kumi na mbili na dakika arubaini. Hii ni neema. Mazoea uliyoyajenga kwenye shughuli ya Februari unayabeba hivyo hivyo mpaka Agosti.

Mpango wenyewe ni huu. Alfajiri ukiamka, kunywa maji gilasi mbili kabla ya chai, kwa sababu ulipolala ulitoka jasho na hujui. Staftahi nzito ya mbaazi na mahamri, hapo kula ushibe, ndicho chakula kikubwa cha siku. Adhuhuri ni kula kidogo na kubadilisha betri zote za maiki zisizo na waya, hata zile zinazoonyesha zimejaa nusu. Betri ya nusu hukufia mikononi mwa mgeni rasmi, sijui ni kwa nini hupenda waheshimiwa, lakini ndivyo. Alasiri zamu zinabadilishana, na kila mtu avue viatu, aoshe miguu, avae soksi kavu. Msikitini unaosha miguu hata hivyo. Asiyesali apewe ndoo.

Maghribi ndiyo ngumu kuliko zote. Mchana unageuka usiku kwa muda mfupi sana huku kwetu, taa zinawashwa zote pamoja, jenereta inaguna kwa mzigo mpya, watu wa ofisini wanaingia, na emsii wa jioni anapokea maiki akitaka ipande zaidi ya yule wa mchana. Wakati huo timu nzima iwe imesimama, waliomaliza zamu na wanaoingia, kwa nusu saa. Tende tatu na maji kwa kila mtu. Baada ya hapo waliomaliza waondoke kweli kweli, siyo kukaa kando kupiga soga.

Kahawa nitaisema hapa kwa sababu itakuja yenyewe: mzee atapita na dele lake, vikombe vikilia, na kahawa tungu ya usiku ina utamu wake. Mimi naipenda. Lakini kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu tu mwilini. Ukinywa baada ya isha, saa saba ya usiku unapojilaza bado inakupigia ngoma. Kikombe changu cha mwisho ni cha kabla ya maghribi.

Ijumaa usipange chochote kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu mchana. Ndio wakati mzuri wa kupangusa miksa. Na Ramadhani mambo hupinduka: vyombo tunavifunga asubuhi mapema watu wakiwa bado na daku tumboni, si alasiri, kwa sababu kumpandisha mnarani mtu aliyefunga, saa kumi ya jioni, ni kumtafutia mauti.

Joto

Machi 24, 2007 yalifanyika hapa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, kwenye uwanja wa gofu, pale pale baharini. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemgusa kwenye mbio hizo, aliacha mbio njiani. Aliyeshinda ni Zersenay Tadese wa Eritrea, na nyuma yake wanariadha kadhaa walianguka au kuacha. Kilomita 12 tu, na watu hao ndio wenye mapafu mazuri kuliko wote ulimwenguni. Kijana akiniambia yeye amezoea joto, ni mzaliwa wa Kisauni, namkumbusha Bekele.

Shida yetu si jua peke yake, ni unyevu. Jasho hupoza mwili likikauka, na Machi Mombasa halikauki, linatiririka tu mpaka viatuni. Kwa hiyo unapoteza maji na chumvi bila kupata faida yake. Maji matupu siku nzima hayatoshi. Changanya hivi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha siyo vya kurundika. Ndiyo ile ile wanayopewa watoto wanaohara. Mwenye presha au kisukari amuulize daktari wake kabla. Kwa wengine, chupa moja asubuhi na moja alasiri, na katikati yake maji ya kawaida, kidogo kidogo, kabla kiu haijaja. Madafu ni mazuri pia ila hayana chumvi ya kutosha, usijidanganye kwamba dafu moja limekwisha kukutengeneza. Soda za baridi zinazoletwa na mwenye shughuli kwa ukarimu zinywe mwisho.

Angalia mkojo wako. Ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Ukikaa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri hujaenda haja ndogo, umechelewa zaidi. Wasichana, nisikieni: najua kwa nini hamnywi. Choo ni kibaya au kiko mbali au kiko mahali pa wanaume. Ndiyo maana nilisema kitazamwe siku moja kabla. Kama hakifai, mwambieni mwenye shughuli siku hiyo hiyo, mbele ya watu, na msione haya.

Kuna kuchoka na kuna kuugua joto. Aliyechoka anaumwa kichwa, ana kichefuchefu, jasho linamtoka, na akikaa kivulini na kunywa hurudi. Aliyeanza kusema ovyo, kuyumba, kukusahau jina, na ngozi yake ukigusa ni moto, huyo si wa kupepewa na gazeti. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji, mpepee, muweke barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja, na wakati huo huo mwingine anaita gari la hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Barafu ipo, wauza samaki na wauza juisi wanayo. Jua mapema ni nani.

Nguo: pamba, isiyobana. Mimi huvaa kanzu fupi na suruali, kwa sababu dera refu na nyaya hazielewani. Leso moja begani ya kufutia jasho, nyingine mkobani ya kujifunika ukilala.

Masikio

Hii ndiyo sehemu vijana hawataki kuisikia, pengine kwa sababu wengine kweli hawasikii tena. Sauti ya desibeli 85 sikio laivumilia saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, na ukifika 100 una dakika 15. Mbele ya spika kubwa za tamasha 100 ni kawaida. Sasa piga hesabu ya siku tano.

Programu za simu za kupimia sauti si sahihi kama kipimo cha kazi, lakini zatosha kukuambia uko wapi. Vaa vizibo vya masikio ukiwa karibu na jukwaa, uvitoe ukiwa kwenye miksa unapotaka kupima jambo, uvirudishe. Anayesimama kwenye spika za waimbaji apokewe kila saa. Na usiku, ukifika nyumbani, hakuna muziki. Mume wangu anajua kwamba siku za shughuli hata televisheni husemeshwa kwa adabu.

Kuna sababu nyingine ya kulinda masikio kwenye kazi ndefu. Sikio lililochoka hupunguza nyembamba, yaani husikii zile sauti kali za juu, basi unaziongeza, na kesho yake unaongeza tena. Siku ya nne watu wa mbele wanakunja nyuso na wewe unaona mambo ni sawa. Ndiyo maana siku ya kwanza, baada ya kupima sauti asubuhi na masikio mapya, napiga picha ya miksa kwa simu. Kila asubuhi narudisha vitufe kwenye picha ile. Siyaamini masikio yangu ya jana usiku.

Siku ya pili

Siku ya kwanza damu inachemka na hakuna anayechoka. Siku ya pili nguvu ile imekwenda na mazoea hayajashika. Hapo ndipo mikono huanguka, na hapo ndipo nataka orodha isomwe kwa sauti kabla ya kila ufunguzi. Mmoja asoma, mwingine agusa. Inakuwa hivi:

"Maiki ya kwanza."

"Ipo. Betri mpya."

"Ya pili."

"Ipo."

"Umeigusa?"

"Ipo pale, Anti, naiona."

"Sikukuuliza kama waiona."

Akaishike, aiwashe, aseme neno, azime. Mwenye kuona kwa mbali ndiye anayekuletea maiki bubu mbele ya shekhe wakati wa dua. Orodha yetu haizidi ukurasa mmoja: maiki, betri za akiba, spika kila upande, mafuta ya jenereta, waya wa ardhi, taa za njiani, maji ya kunywa. Ndiyo, maji ya kunywa yamo kwenye orodha ya vyombo.

Siku ya tatu hatari ni kuchoshwa. Nyimbo ni zile zile, vichekesho vya emsii umeshavihifadhi, mkono unafanya kazi na akili iko Lamu. Badilisha watu nafasi. Wa taa aje kwenye jukwaa, wa jukwaa aende kwenye nyaya. Nusu siku tu, kisha warudi.

Usingizi haubadilishwi na kitu chochote. Watafiti wamepima wakaona mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama aliyekwisha kunywa pombe kidogo, na kwenye timu yangu kuna watu ambao hawajaionja maisha yao yote lakini siku ya tatu wanayumba. Wengi hukimbilia miraa na muguka. Mwaka 2024 kaunti ilijaribu kuupiga marufuku muguka na mahakama ikasimamisha amri hiyo, kwa hiyo siwezi kumzuia mtu mtaani. Kazini kwangu namzuia. Mtafunaji yuko macho, ni kweli, lakini hasikii makosa, na kila wimbo kwake ni mzuri. Lala dakika ishirini alasiri, ndani ya lori, milango wazi, simu kwa mwenzako. Na dereva wa lori asipewe kazi nyingine kabisa. Kazi yake ni kulala mchana. Wakazi wa Likoni wapangiwe zamu inayomalizika mapema, maana feri ya usiku huvusha lakini hukaa, na mtu aliyefika kwake saa tisa hawezi kuwa mtu saa moja asubuhi.

Usiku wa kupamba

Kwa mgeni wa mji: harusi ya Kiswahili hapa ni ya siku kadhaa, na usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Bi harusi anakaa akionekana na uzuri wake wote, mabuibui yamevuliwa, na mwanamume hana njia ya kuingia. Kwa hiyo fundi wa saundi lazima awe mwanamke, nasi ni wachache, ndiyo sababu nina kazi. Usiku huu una desturi zake na nitaueleza kwa urefu.

Vijana wangu wa kiume wanafunga kila kitu asubuhi, wanapima, na ikiadhiniwa alasiri wanatoka. Ndani nabaki mimi na wasichana wawili. Waya mkuu unapita chini ya pazia la mlango wa nyuma, umebandikwa tepu sakafuni kutoka pazia mpaka miksa ili kisigino cha mtu kisiunase. Jenereta iko nje na kijana mmoja. Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba na moshi hauna pa kwenda. Moshi ule una hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo jenereta isogezwe mbali na kila dirisha, hata kama itahitaji waya mrefu zaidi. Na waya ulio kwenye gurudumu ukunjuliwe wote, usiachwe nusu umezungushwa, kwani ukibeba mzigo ukiwa umejikunja hupata moto mpaka mpira ukayeyuka.

Redio ya mkononi haifai, kelele za vigelegele hazikuachii neno. Tunatumia tochi. Kijana wa nje akimulika chini ya pazia mara moja, mafuta yamefika nusu. Mara mbili, anataka kuzima. Mara tatu, kuna mtu mlangoni anamtaka mama wa bi harusi. Mimi nikijibu mara moja nimekubali. Nisipojibu, asiguse kitu.

Jenereta haitiwi mafuta ikiwa inaunguruma wala ikiwa ya moto, inazimwa na kuachwa ipoe kwanza. Basi huo muda lazima uwe kwenye ratiba, na saa yake ni wakati wa kupakua biriani. Watu wakiwa na sinia mbele yao hawataki wimbo. Namwendea mama wa bi harusi kabla, si wakati huo, nikamwambia kwa upole: "Bi mkubwa, chakula kikishuka nitaomba nusu saa niipumzishe mashine. Taa za betri zipo, hamtakaa gizani." Hakuna aliyewahi kunikatalia. Ukimwambia umeme utakatika, utaona.

Kuzima na kuwasha kuna mpangilio: amplifaya zinazimwa kwanza na kuwashwa mwisho. Ukikosea, spika hupiga kishindo, na kwenye ukumbi wa wanawake mia tatu waliotulia unakula hicho kishindo na lawama mpaka harusi ya mjukuu. Stima ya kawaida nayo ikikatika ikarudi, usikimbilie kuwasha. Ngoja dakika chache itulie.

Somo wa bi harusi, yule mwanamke anayemfunda, ndiye mkuu wa ukumbi, si emsii, wala si mwenye kulipa. Akisema vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi, liingie sasa, linaingia sasa, na wimbo wako unashushwa taratibu, haukatwi. Simu ya timu haipigi picha ndani, na miksa yangu ndiyo picha pekee niliyo nayo, niliyoipiga ukumbi ukiwa mtupu. Msichana wangu akitoa simu usiku huo, hata kutazama saa, hatarudi.

Wenye shughuli na waheshimiwa

Mgeni rasmi atachelewa. Weka mafuta na betri za muda wa ratiba na nusu yake tena. Weka na nyimbo za kujazia, zisizo za mapenzi makali na zisizo za siasa, za kuweza kusikilizwa na kadhi na mwalimu wa chekechea pamoja. Mtu mmoja tu wa timu azungumze na mwenye shughuli. Wakizungumza wanne, kila mmoja atakuwa ameahidi jambo lake. Lugha ni ile ya nyumbani: mzee, shekhe, mama, bi mkubwa. Mheshimiwa akitaka maiki ipande, ipandishe kidogo sana, mwangalie usoni, itikia kwa kichwa. Mara nyingi alitaka kusikilizwa tu.

Kufungasha

Usiku wa mwisho ndio wenye vidole kukatika, watu wana furaha na haraka. Usianze na spika. Anza na vidogo: maiki, betri, vigeuzi, kila kimoja kihesabiwe mbele ya mtu wa pili na kuandikwa. Waya uukunje mkunjo mmoja juu, mmoja chini, kwa mkono uliolegea, usiuzungushe kiwikoni kama kamba ya mbuzi. Ukizungushwa kiwikoni hujisokota ndani na mwaka haupiti kabla haujakatika usipopaona. Jukwaa likishakuwa tupu, lizungukwe na tochi mara moja. Ndipo spika zipande lori.

Malipo yaliyobaki chukua kabla lori halijawashwa. Nusu ya kwanza ulikwisha kuipokea kabla ya kufunga hata plagi moja, au sivyo?

Siku inayofuata usikubali kazi. Matanga hayakataliwi, lakini matanga yanataka spika moja na kijana mmoja, mpe yule aliyelala zaidi. Siku ya pili yake fungua masanduku yote, toa nyaya, uzianike kivulini zipigwe na upepo. Juani hapana, mpira hukauka ukapasuka.